Ziwa Ngosi kwa kosta: panga safari kuanzia gari la kurudi

"Tuko watano, tunafanya kazi Mbeya mjini na hakuna mwenye gari. Tunataka kwenda Ziwa Ngosi Jumamosi moja na kurudi siku hiyohiyo, halafu wikiendi nyingine tushuke Kyela tutembee ufukweni Matema na sehemu za majimaji kule mito inapoingia Ziwa Nyasa. Tumepanga iwe wakati wa Pasaka kwa sababu ndiyo nafasi tuliyo nayo. Kila mtu anatutisha kivyake: wengine wanasema msituni kuna chui, wengine ziwa linatoa gesi inayoua, wengine bila kukodi gari tutalala barabarani. Mmoja wetu ana pumu. Viatu tulivyo navyo ni raba za kawaida. Je, inawezekana, na tujiandae vipi?"

Inawezekana, ndugu yangu, na wala hamhitaji kukodi gari. Ila mmechagua kwenda Ngosi katika kipindi kibaya kuliko vyote, mnamwogopa chui asiye na habari nanyi, na kinachowaangusha watu kweli hamjakitaja. Wanaopata shida Ngosi kwa kawaida ni watu walioloa na waliochelewa. Kuteguka mguu, kupotea, kukosa gari, vyote huzaliwa humo. Kwa hiyo nitaanza na saa, nije kwenye mvua na tope, halafu ndipo niwajibu habari za chui na gesi.

Safari ya miguu inayotegemea gari la abiria hupangwa kinyumenyume. Mbeya iko magharibi, jua lake huzama kwa kuchelewa kuliko la Dar es Salaam: kama saa 12:35 jioni mwezi wa sita, na saa 1 na dakika chache mwezi wa kumi na mbili. Chini ya miti mikubwa na mianzi toeni nusu saa nzima, na siku ya ukungu toeni zaidi. Wekeni saa 10 jioni kuwa saa ya kusimama kwenye lami. Sikusema saa ya kutoka msituni. Hesabu zote za asubuhi zitoke hapo.

Mtauliza kwa nini mapema hivyo, wakati magari hupita mpaka giza linapoingia. Ni kweli barabara hii ndiyo iendayo mpaka wa Kasumulu, magari si haba. Shida ni kwamba ninyi mnapandia katikati ya njia. Kosta inayotoka Tukuyu au Kyela haiondoki stendi mpaka ijae, na ikiwafikia haina pa kuwaweka watu watano. Konda anaweza kumbana mmoja au wawili, lakini watano wenye mabegi na tope hadi magotini hawataki, hasa akijua mbele kuna trafiki. Jumapili jioni na sikukuu huwa kugumu zaidi, maana kila mtu anarudi mjini.

Yako mambo mawili yanayosaidia. Kubalianeni tangu asubuhi kwamba mtagawanyika wawili na watatu, na kwamba kila kundi litakuwa na mtu mwenye simu yenye chaji na fedha za nauli. Watu wengi hukosa magari mawili matatu kwa kung'ang'ania kupanda wote pamoja. La pili hufanywa na wachache: ikifika saa 11 jioni hakuna gari lililosimama, vukeni barabara mpande la kuelekea Kiwira au Tukuyu. Mnarudi nyuma kidogo na mnalipa nauli ya ziada, lakini mnafika mahali gari linakoanzia, mnapata viti, na mkikuta yameisha kuna nyumba za kulala wageni. Kubaki kando ya lami usiku kwenye ukungu, barabara ya kona na malori, ndiyo hatari kubwa kuliko zote mlizoorodhesha. Msimame penye mnyoofu ambapo dereva anawaona mbali na anaweza kufunga breki. Kwenye kona hatasimama hata kama ana nafasi, na hapaswi kusimama.

Kwenda ni rahisi. Magari ya Tukuyu na Kyela mtayapata stendi ya Nane Nane, na mengine yatadakwa Uyole pale njia panda. Pandeni la Tukuyu. Konda wa Kyela hapendi kushusha mtu mapema kiti kikabaki wazi na mara nyingi atawadai nauli ya mbali. Mwambieni konda kabla ya kukaa kwamba mnashuka Mchangani, njia ya Ngosi, na mumkumbushe njiani, kwa kuwa kibao ni kidogo na gari likiwa kwenye mteremko halisimami ovyo.

Mkiwa ndani ya gari saa 12:30 asubuhi na likaondoka saa 1, mtashuka kama saa 2:15. Kutoka lami hadi mguu wa mlima ni karibu kilomita 7 za njia ya udongo kati ya mashamba. Kwa miguu ni saa moja na nusu hadi mbili, kwa bodaboda ni chini ya nusu saa. Kupanda kutoka hapo hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa ndani yake, ni saa moja hadi moja na nusu kwa mtu wa kawaida. Ushauri wangu ni bodaboda wakati wa kwenda na miguu wakati wa kurudi. Asubuhi ndipo anga huwa safi, kwa hiyo saa moja unayoiokoa ina thamani kuliko ya jioni. Tena bodaboda wa kurudi humpati kwa simu ukiwa chini ya mlima kusiko na mtandao wa uhakika. Kila boda abebe mmoja. Kupakia mishikaki kwenye njia ya tope ni kutafuta kuvunjika mguu kabla hata hamjaanza kutembea. Kwa mpango huo mko ukingoni kabla ya saa 5 asubuhi, mnakaa dakika 45, mnashuka kwa saa moja, mnatembea hadi lami, na saa 8:30 mchana mko barabarani. Mna saa moja na nusu ya akiba. Akiba hiyo msiile kwa picha, ni ya mguu utakaoteguka.

Mchukueni mwongozaji pale kijijini. Nawaambia hivi kwa sababu njia ndani ya msitu zinagawanyika: ziko za wakata mianzi na za watu wa mashambani, na wakati wa kushuka zote zinafanana. Bei ikubaliwe kabla ya kuondoka, na iwekwe wazi kama ni ya kundi zima au ya kila kichwa, maana ugomvi mwingi hutokea hapo. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na ada ya kuingia hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na kutolewa risiti. Malipo ya mwongozaji ni jambo jingine, si badala ya ada. Ulizeni ofisi ya TFS siku mbili tatu kabla ya safari. Mkianza kusaka mtandao wa kulipia pale njiani mtapoteza saa mliyoihesabu.

Sasa mvua. Nyanda za Juu Kusini hazina vuli na masika kama pwani. Hapa ni msimu mmoja mrefu, kutoka Novemba hadi Mei, na upande wa Rungwe na Kyela mwezi wa tatu na wa nne ndio kilele chake. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa, lililo karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, husukumwa juu ya milima inayokaribia mita 3,000. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa haiwezi kuubeba unyevu wake, inaumwaga. Ndiyo maana mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Rungwe unafikia milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na Mbeya mjini, nyuma ya milima, hupata karibu theluthi moja ya hiyo. Msitazame anga la Mwanjelwa, pale mjini, mkadhani mmeliona la Ngosi. Na kwa kuwa jua la asubuhi ndilo linaloisukuma hewa hiyo ipande, mawingu huanza kujikusanya kuelekea adhuhuri hata siku iliyoanza vizuri. Ukingo wa Ngosi uko kama mita 2,600, na mara nyingi wingu linakaa palepale. Unaweza kupanda kwa jasho, ukafika, ukaona weupe mtupu. Hasara hiyo ni ya kawaida wakati wa Pasaka.

Tope la huko nalo lina tabia yake. Udongo wa Rungwe na wa Poroto, milima iliyobeba Ngosi, umetokana na majivu ya volkano. Unashika maji mengi sana bila kuonyesha, ukitazama unaona ardhi imara. Ukiukanyaga mara kwa mara, chembe zake zinaachia maji na kinachobaki ni uji. Kwa hiyo mtu wa kwanza anapita vizuri na wa tano anazama. Mpeni nafasi ya mbele asiye na uzoefu, nyuma tu ya mwongozaji. Kanyageni kwa unyayo mzima, hatua fupi, na msikanyage mizizi iliyoloa. Ni salama zaidi kuingia katikati ya tope kuliko kuruka kutoka mzizi hadi mzizi. Fimbo ya mwanzi inayofika kifuani ina msaada mkubwa, hasa wakati wa kushuka. Kushuka ndiko kunakoumiza watu: misuli ya mapaja imechoka, haraka imeingia, na uzito wote unaelekea mbele.

Raba za kawaida zinafaa kiangazi, kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi, kama soli bado ina meno. Wakati wa mvua hazifai. Mabuti ya mpira ya shambani yanashinda raba kwa mbali, na ndiyo utakayoona wenyeji wamevaa. Vaeni soksi mbili nene, vinginevyo yatawachubua visigino. Mkienda kusaka viatu vya mlima vya mtumba pale soko la Sido, vikunjeni kwa nguvu mbele ya muuzaji na mbonyeze ukucha ubavuni mwa soli, kwenye ile tabaka laini la katikati. Aina nyingi za viatu hivyo zina povu ambalo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa juu kinang'aa kama kipya, na saa mbili baada ya kuanza kutembea soli inabanduka yote. Povu likimeguka au likiacha alama isiyorudi, kiache hata kama bei ni ya kutupa. Kikiwa kizima, mpelekeeni fundi aishonee soli kuizunguka yote.

Baridi watu wa Mbeya wanaidharau kwa sababu wameizoea. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kama nyuzi 6, kwa hiyo ukingoni ni baridi kwa nyuzi 5 hadi 6 kuliko mjini, kabla upepo haujaanza. Hilo peke yake halidhuru. Kinachodhuru ni fulana ya pamba iliyoloa jasho na mvua, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili mara nyingi zaidi ya hewa kavu, na mtu anapoketi kupumzika juu anapoa haraka. Dalili za kwanza ni kutetemeka na vidole kushindwa kufunga zipu. Ikifika mtu anajikwaa ovyo, anaongea kama mlevi, au ameacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hiyo ni dharura. Mvueni nguo zilizoloa, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, mtengeni na ardhi kwa begi au majani makavu, mpeni chai ya sukari kama bado anameza vizuri, na mshuke naye. Pombe kali isiguswe. Inamfanya ahisi joto huku ikilitoa joto la ndani nje.

Kwa hiyo kila mmoja awe na sweta au koti moja lisilovaliwa kabisa wakati wa kupanda, limefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, ile inayouzwa kwa mita. Koti la mvua, tochi yake mwenyewe, lita 2 za maji, na chakula kisichohitaji kupikwa: viazi vya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi. Chupa moja ya chai kwa kundi zima inatosha. Jinzi acheni nyumbani, ikiloa haikauki siku hiyo. Suruali iingizwe ndani ya soksi, na hapo ndipo naingia kwenye wanyama.

Mtakaokutana nao kwa hakika ni siafu. Wanavuka njia kwa mistari, hasa baada ya mvua, na mtu aliyesimama kupiga picha juu yao atajua baadaye kidogo. Mkiwa na bahati mtaona mbega juu ya miti, na vinyonga. Misitu ya Rungwe na Livingstone ndiyo makazi ya kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 na kutangazwa rasmi 2005. Ni mwoga, wengi humsikia bila kumwona. Chui huepuka kundi la watu watano wanaozungumza mchana, na akiwapo mtapita bila kujua. Nyoka wanastahili uangalifu zaidi, hasa kifutu, kwa kuwa hakimbii mtu, hujilaza. Tazameni mnapoweka mguu na mkono. Mtu akiumwa, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana damu. Mtulizeni, fungeni kiungo kwa kijiti kisicheze, mvueni pete na saa, na mumbebe hadi hospitali. Iliyo karibu yenye uwezo ni ya wilaya, Makandana, Tukuyu. Juu yake ni Rufaa Mbeya.

Gesi si uzushi mtupu, na ndiyo maana hofu hiyo haifi. Chini ya Rungwe kuna joto la volkano na hewa ya ukaa nyingi hupanda kutoka ardhini. Eneo la Kyejo, wilayani humohumo, gesi hiyo huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni lilitoa wingu la gesi hiyo na kuua watu wapatao 1,700, na tangu hapo kila ziwa la kreta linatazamwa kwa jicho hilo. Lakini angalieni jinsi inavyofanya kazi. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutiririka kwenda chini na kutuama mashimoni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Ninyi mtakuwa ukingoni, mamia ya mita juu ya maji, mahali penye upepo, katikati ya mchana. Hapo haiwafikii. Mahali pa kujihadhari ni mabonde madogo yaliyozama ambamo mnaona wadudu au ndege waliokufa, au mtu anapoinama anahisi kichwa kuuma na pumzi kukatika: tokeni hapo kwenda juu, msilale wala kuketi. Hilo ni kweli kote Rungwe, si Ngosi tu.

Sababu ya kutoshuka hadi majini ni nyingine kabisa. Ukuta wa ndani wa kreta ni mkali, umefunikwa majani yanayoficha ukingo, na udongo wake ni uleule wa majivu. Kushuka kunaweza kuonekana kazi ya nusu saa. Kupanda tena kwenye utelezi kunaweza kula saa yote ya akiba na zaidi. Kwa safari ya siku moja kwa kosta, jibu langu ni hapana, hata kiangazi, hata mwongozaji akisema anaijua njia.

Basi Pasaka mfanye nini? Mkikataa kuahirisha, Ngosi haikatazwi, lakini kwa kundi la wageni wenye raba na mgonjwa wa pumu mnacheza kamari kwa faida ndogo. Mimi ningeipeleka Ngosi mwezi wa saba hadi wa tisa, na Pasaka ningeenda Mto Kiwira: Daraja la Mungu, lile la mwamba wa lava lililojijenga lenyewe juu ya mto, na Kijungu, mahali mto unapotumbukia kwenye chungu cha jiwe. Mnashuka Kiwira, mnachukua bodaboda au mnatembea, na njia haina mwinuko wa kuwamaliza. Kijungu kiko kwenye eneo la chuo cha Magereza. Nendeni na vitambulisho, ombeni ruhusa getini, na msipige picha za majengo. Hatari yake ni moja tu lakini haina nafasi ya pili: jiwe lililoloa na kuota ukungu wa kijani kando ya maji ya mwezi wa nne. Kaeni mita kadhaa nyuma ya ukingo, hasa wapenda picha.

Ipo na Kitulo, na hapa kusubiri kiangazi kuna hasara yake. Hifadhi hiyo, ya taifa tangu 2005, huchanua kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo Pasaka ni karibu na mwisho wa maua. Mwezi wa nane mtakuta nyasi. Mnapanda gari la barabara kuu ya Iringa hadi Chimala, kisha gari la kupanda Matamba kwa zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Haiwezekani kwa siku moja, laleni Matamba. Uwanda ni wazi, mita 2,600 na zaidi, kwa hiyo adui wa alasiri ni radi: mkiona mwanga na ngurumo ikafuata ndani ya sekunde 30, shukeni kwenye bonde, achaneni na fimbo za chuma, msijikusanye chini ya mti uliosimama peke yake. Na viazi vya okidi msivichimbe wala msinunue njiani; biashara ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, kuelekea Zambia ndiyo inayomaliza maua mnayokwenda kuyaona.

Matema ni dunia nyingine, joto, na lenyewe pia si la siku moja. Mbeya hadi Kyela ni saa tatu hivi, kisha gari la Ipinda na Matema ambalo nalo husubiri kujaa. Ondokeni Ijumaa mchana au Jumamosi alfajiri, rudini Jumapili asubuhi, si jioni. Matembezi mepesi ni kuelekea Lyulilo, mwendo mfupi ufukweni, ambako Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Upande huo mlima wa Livingstone unaingia karibu ziwani kabisa, ardhi ni ya mawe na mchanga.

Mlikotaja ninyi, kule mito inapoingia ziwani, ni upande wa pili, na huko msiende wenyewe. Midomo ya mito kama Lufilyo ina mamba. Maji ni ya tope, hayaonyeshi kitu, na mamba huvizia pale watu wanapovukia kila siku. Pateni mtu wa hapohapo, mvuvi au mkulima wa mpunga, anayejua leo wako wapi. Jambo jingine linalowashangaza wageni ni kwamba Kyela mto hujaa jua likiwaka. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinatoka milimani, zinaporomoka zaidi ya mita 2,000 kwa mwendo mfupi. Mvua ya Tukuyu ya mchana inafika bondeni ikiwa mafuriko. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakileta majani na vijiti, ondokeni kwenye tuta la mpunga papo hapo. Yakipita goti na yanakwenda kasi, msivuke. Mwezi wa tatu hadi wa tano matuta mengi ya mpunga yanakuwa chini ya maji, kwa hiyo sehemu hii ya mpango nayo ni ya kiangazi, ingawa Juni hadi Agosti upepo wa mwera huleta mawimbi makubwa na safari za mtumbwi kwenda Ikombe ziwe za asubuhi tu.

Ziwani kuna kichocho. Viluwiluwi vyake hutoka kwenye konokono wakati jua ni kali na huingia kwenye ngozi kwa dakika chache. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko vidimbwi vyenye majani na matete, lakini si sifuri, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Mkioga, pimeni wiki 6 hadi 8 baadaye hata kama hamna dalili. Mkiona damu kwenye mkojo msingoje. Msinywe prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ya kurudi mkidhani mmejikinga: inaua minyoo iliyokomaa, si vile vichanga. Laleni ndani ya chandarua, na homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe malaria, mkimwambia mhudumu kwamba mlilala Kyela.

Mwisho, huyo mwenzenu wa pumu. Hewa baridi na kupanda kwa nguvu ni vichochezi viwili vinavyokutana Ngosi. Amwone daktari kabla hamjapanga tarehe, si wiki ya safari. Kama katika mwezi uliopita alihitaji dawa ya kuvuta ya kupunguza kubanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, au aliamka usiku kwa kubanwa, pumu yake haijatulia na mlima usubiri. Ikiwa imetulia na daktari ameridhia, atembee mbele kwa mwendo wake na wengine wamfuate, dawa ikae mfukoni mwake na si kwenye begi la mtu mwingine, na kitambaa kiwe puani mpaka mwili upate joto. Akianza kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, safari imeisha kwa wote: avute dawa alivyoelekezwa, akae wima, na mgeuke. Asipopata nafuu kwa dawa hiyo, piga 112 mara mtandao unaposhika, mkiendelea kushuka kuelekea lami.